Chombo Kisicho na Sifa

Barka alipiga risasi kumi, na karatasi yake ya shabaha ikakutwa na matundu kumi na mawili. Abdulkadir naye alipiga risasi kumi, na karatasi yake ikakutwa nzima, nyeupe, kama ilivyotoka dukani. Habari hiyo ilifika Matondoni kabla ya wapigaji wenyewe, na hata Abdulkadir anavua viatu mlangoni, bunduki begani na baruti puani, mkewe Bi Kulthum alikwisha kuisikia kwa watu watatu, na kila mmoja alicheka kuliko mwenziwe.

"Nasikia Barka umempa zawadi," alisema Kulthum, akimpokea kofia.

"Upepo."

"Upepo uliotwaa mbili ukampa Barka, na nane ukazitupa mikokoni?"

"Upepo ni upepo, Bi Kulthum. Hauulizwi wendako."

Kulthum alimtazama mumewe akipapasa ukuta akitafuta msumari wa kutundikia mkanda, msumari uliokuwa mbele ya pua yake, akampa maji ya kunywa.

Abdulkadir alikuwa polisi wa akiba mwaka wa kumi na moja. Miaka kumi ya mwanzo alilinda bure. Alipewa bunduki, jozi moja ya viatu, na ahsante. Mwaka huu ndipo posho ilipoanza kuingia, kila mwisho wa mwezi, na yote ilikwenda kwa binti yao Razan aliyekuwa chuo cha ualimu huko Mombasa. Posho ikikatika, Razan arudi nyumbani akasuke mikeka. Hilo watu wote wa mtaani walilijua.

Ambalo watu hawakulijua ni macho ya Abdulkadir. Mbali aliona kama kipungu. Karibu, kila kitu kilikuwa ukungu, hata ile alama ya kulengea iliyo kwenye ncha ya bunduki yake. Alitia chumvi katika chai akainywa yote ili asiambiwe hakuona. Msahafu aliushika kwa mkono ulionyooka, na kwa kuwa sura nyingi alizihifadhi tangu utotoni, watu walidhani anasoma. Ilipokuja fomu iliyouliza kama macho ni mazima, aliweka tiki mwenyewe, akaiweka mahali palipouliza kama ni mjamzito. Kulthum ndiye aliyefuta.

"Nunua miwani," Kulthum alimwambia si mara moja.

"Askari wa miwani! Wanifute leo leo? Mato yangu ni mazima."

Basi yakaachwa hapo, mazima.

Simu ilipolia alasiri ile, Abdulkadir aliitazama kwa mbali, akaisogeza mbali zaidi, kisha akampa mkewe kama anayempa kazi mtumishi wake. Ulikuwa ujumbe wa Sajenti Kiptoo, mkubwa wao, kwa askari wa akiba wote wanane. Kulthum alikuwa na darasa la saba, na darasa la saba la zamani lilikuwa darasa. Akasoma kwa sauti, kidole kikifuata herufi:

"Silaha zote zilizopiga leo zisafishwe ipasavyo. Ukaguzi ni Alhamisi saa tatu asubuhi, uwanja wa mpira. Chombo kisicho na sifa kitarudishwa ghalani na mwenye nacho atatolewa kwenye orodha. Hakuna mjadala."

Sasa hapo ndipo palipoanza mambo. Sajenti Kiptoo ni mtu wa bara, na Kiswahili chake ni cha shule. Kwa askari kama yeye chombo ni bunduki, na kisicho na sifa ni kisichotimiza masharti. Lakini Matondoni ni kwa mafundi wa majahazi. Ukisema chombo hapa, mtoto mdogo atatazama pwani. Na sifa, kabla haijawa sifa ya mtu mwema, ni mafuta ya maini ya papa, yale yanayopakwa ubavuni mwa jahazi ili mbao zisiliwe na maji ya chumvi. Yananuka hivi kwamba fundi aliyeyapaka hula peke yake siku tatu.

"Soma tena hapo," alisema Abdulkadir.

"Chombo kisicho na sifa kitarudishwa ghalani."

Wakatazamana.

"Sifa?" aliuliza Kulthum. "Sifa ya papa?"

"Iko sifa gani nyingine ya chombo?"

"Mbona miaka yote hawajataka sifa?"

"Miaka yote walituletea mafuta yao, yale ya kichupa. Kichupa kimekwisha tangu Ramadhani, na nilipouliza nikaambiwa tungoje. Sasa wamefikiri. Wameona watu wa pwani wana mafuta yao, ya nini kugharimika?" Abdulkadir alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Hata. Huyu Kiptoo ana akili. Mtu wa bara, lakini ameketi ametutazama."

*

Jumatano baada ya sala ya asubuhi wakafunga mlango wa mbele, wakateremsha pazia, wakatandika mkeka uani. Sheria ilisema silaha ya serikali haishikwi na asiyekula kiapo. Kulthum alisema ndoa ni kiapo kikubwa kuliko hicho chao, na mwaka wa tano huu, tangu ukungu uliposhuka machoni mwa mumewe, yeye ndiye aliyekuwa akiisafisha.

Kufungua alifungua Abdulkadir mwenyewe, kwa kupapasa. Risasi zilikwisha kurudishwa na kuhesabiwa palepale penye shabaha, lakini hata hivyo alichomoa magazini, akavuta chuma nyuma, akatia kidole cha mwisho ndani kuhakikisha kuwa hamna kitu. Kisha akachomoa pini mbili za nyuma, kitako kikatoka, na matumbo ya bunduki yakatelemka mkononi, meusi kama sufuria ya mama ntilie.

"Mchafu huyu," alisema Kulthum. "Risasi kumi tu, na hata hazikufika."

"Nyamaza usafishe."

Alianza na kasiba, yaani ule mwanzi unaotoka risasi. Alikuwa ameipasua kanzu kuukuu ya mumewe vipande vya upana wa vidole viwili. Akatia kipande katika tundu la mdeki, ule ujiti mrefu wa chuma, akausukuma ndani mpaka ukatokea upande wa pili. Kipande cha kwanza kilitoka cheusi kama masizi. Akatia burashi ya shaba, akasugua kwenda na kurudi, akihesabu kimoyomoyo kama anayevuta uradi. Cha tano kilitoka rangi ya chai kavu. Cha tisa, chai ya maziwa. Cha kumi na mbili, maziwa yenye chai kidogo. Hakusimama mpaka maziwa yakawa maziwa.

Chumba cha risasi ndicho kilichomtoa jasho, maana kina vijifereji vyembamba ndani, na baruti hupenda kujificha humo kama mchanga katika sikio la mtoto. Alitumia mswaki wa meno, kisha kijiti cha ukuti kilichochongwa, kisha maneno makali. Vile vyuma vidogo alivitia katika bakuli la maji ya moto yenye sabuni, akavisugua kimoja kimoja, akavifuta, akaviweka kwenye jua juu ya ungo kama dagaa.

"Vimekauka?" aliuliza Abdulkadir.

"Ungevitazama ungeona."

"Nakuuliza weye."

"Vimekauka."

"Basi nenda kwa Yunusi kabla hajaenda kula."

*

Yunusi alikuwa fundi wa vyombo tangu ndevu zake ni nyeusi. Kulthum alimkuta chini ya ubavu wa mashua, akipiga pamba katika nyufa za mbao.

"Bwana Yunusi, sabalkheri. Nataka sifa kidogo. Kikombe kimoja."

"Sabalkheri Bi Kulthum. Wataka kupaka nini?"

"Chombo."

"Nyinyi mna chombo tangu lini?"

"Cha serikali."

Yunusi akaweka nyundo chini. "Serikali imeanza kupaka sifa? Alhamdulillahi. Labda sasa itaelea."

Ikabidi Kulthum amweleze yote, na ujumbe wenyewe akamsomea. Yunusi alisikiliza akiwa amefumba jicho moja, kama anayepima mstari wa ubao. Alipoambiwa chombo kisicho na sifa kitarudishwa ghalani, hakuona ajabu.

"Haki yake," alisema. "Hata mimi ningekirudisha." Akatwaa debe lililofichwa mbali upande wa chini ya upepo, akamjazia kikombe, akamwonya: "Nje tu. Ndani usitie. Na ukishapaka, kaa nacho mbali na watu."

Njiani kurudi Kulthum alikutana na watu sita, na wote sita walivuka upande wa pili. Paka hawakuvuka. Alipofika mlangoni walikuwa tisa.

Akaipaka kwa kidonge cha pamba, taratibu, kitakoni na ubavuni na juu ya kasiba, bunduki ikang'aa kama kiatu cha Idi. Akatoka kidogo kuchukua makaa jikoni. Huko nyuma Abdulkadir, kwa kuwa haoni na kwa kuwa hapendi kuketi bure, akatwaa pamba akaendelea mwenyewe. Akapaka panapopakwa na pasipopakwa, isipokuwa ndani ya kasiba na chumba cha risasi, pini akazichovya nzima ndani ya kikombe, kisha akaifunga bunduki kama ilivyokuwa. Kulthum aliporudi na chetezo cha makaa alikuta kazi imekwisha na kikombe kitupu.

"Umepaka wapi?"

"Palipobakia."

Akavuta pumzi, na hilo lilikuwa kosa, maana alivuta papa mzima. Akatia udi juu ya makaa, udi mzuri aliouweka kwa harusi ya mpwawe, akaifukiza bunduki kama anavyofukiza nguo, huku na huku, juu na chini. Moshi ulipotulia wakanusa wote wawili.

"Vipi?" aliuliza Abdulkadir.

Kulthum alifikiri. "Papa aliyekwenda harusini."

*

Alhamisi saa tatu uwanja wa mpira ulikuwa umejaa. Askari wa akiba wanane walipanga mstari, na nyuma ya ukuta wa madrasa wanawake walipanga wa kwao, Kulthum mbele. Sajenti Kiptoo alikuja na kidaftari na fomu, na pamoja naye Koplo Mourine, mtu wa Kisumu, binti mrefu mwenye mikono myepesi, ndiye mtunza ghala la silaha. Mtu wa bunduki hasa alikuwa huyu; alizishika kama mkunga anavyoshika mtoto.

Wa kwanza alikutwa na kutu. Wa pili kutu. Barka, aliyekwishasifiwa kwa matundu kumi na mawili, alikutwa na kutu na mjusi.

"Hii hewa ya chumvi itaniua," alisema Mourine. "Afande, hizi bunduki zinaliwa kama mkate."

Wakafika kwa Abdulkadir. Alikuwa amesimama wima, tumbo ndani, na miguuni pake walikuwa wameketi paka kumi na moja katika mstari ulionyooka kuliko wa askari. Sajenti Kiptoo alisimama hatua nne mbali, kisha akarudi hatua moja.

"Nini hiyo?"

"Sifa, afande!" alijibu Abdulkadir kwa sauti ya gwaride.

"Sifa gani?"

"Uliyotaka, afande! Chombo changu kina sifa!"

Kiptoo alitoa leso akaziba pua. "Bwana, mimi niliandika silaha iwe na sifa. Iwe bora! Itimize masharti! Hii ina... ina nini hii, Koplo?"

"Ina samaki, afande," alisema Mourine, machozi yakimlengalenga.

"Basi haina sifa," alisema Kiptoo, akafungua kalamu. "Naandika: haina sifa."

Uwanja mzima ukaguna. Matondoni wanavumilia mengi, lakini hilo walishindwa. Yunusi alitoka katikati ya watu, nyundo bado mkononi.

"Bwana mkubwa, niwie radhi. Mimi ni fundi wa vyombo. Hiyo unayosema haina, inanuka mpaka ng'ambo. Andika lolote jingine. Andika imezidi. Lakini usiandike haina, utaniharibia kazi."

"Mzee, sizungumzii mafuta!"

"Na mimi sizungumzii mengine."

"Sifa ni ubora!"

"Ubora ni wa papa. Huyu ni papa wa kisiwani Ndau, bora hapana."

Ilichukua muda mrefu kuwekana sawa, na mwishowe ni Mourine aliyewaeleza wote wawili, huku amejishika ubavu kwa kicheko. Kiptoo aliposikia kwamba ujumbe wake, kwa masikio ya Matondoni, uliwaamuru watu wapake bunduki maini ya samaki, alitazama mbingu kidogo. Ilikuwa kama anamhesabia Mungu miaka iliyobaki kabla ya kustaafu.

"Ikague tu," alisema.

Mourine akatia kitambaa cheupe kwenye mdeki, akausukuma ndani ya kasiba, akautoa upande wa pili. Akakinyanyua juu. Kilikuwa cheupe. Akatia kingine katika chumba cha risasi, akakizungusha mara tatu katika vile vijifereji. Cheupe.

"Afande, hii imesafishwa kuliko zetu za ghalani," alisema. "Na nje haina hata chembe ya kutu. Harufu ni mbaya, lakini chuma kimelala salama."

Nyuma ya ukuta Kulthum alihisi kichwa chake kinagusa mawingu. Jirani alimbana kiuno. Alijua haifai, lakini alicheka.

"Vizuri," alisema Kiptoo, akalegea kidogo. "Sasa Bwana Abdulkadir, ifungue mbele yangu, uifunge tena. Kila mtu atafanya. Nataka kujua mwenye chombo anakijua chombo chake."

Kicheko cha Kulthum kikafia midomoni.

*

Kwa siku nyingine Abdulkadir angefungua bunduki ile akiwa usingizini. Vidole vyake viliijua. Lakini siku ile kila alipogusa paliteleza, kwa kuwa alipaka mwenyewe. Alipiga magoti juu ya turubai, akachomoa magazini, akavuta chuma, akatia kidole, hapo sawa. Akashika pini ya kwanza, akaivuta, ikatoka. Akashika ya pili. Pini iliruka kama kambare kutoka mikononi mwake, ikapita juu ya turubai, ikaanguka mchangani mbele ya goti lake la kulia.

Waliiona wote. Ilikuwa inang'aa kwenye jua, imesimama wima kidogo, kama inayosubiri kuokotwa. Waliiona watoto. Waliiona paka, na mmoja alianza kuiendea.

Abdulkadir hakuiona.

Akainama, akapapasa turubai. Akapapasa mchanga wa kushoto. Uso wake ulikuwa na tabasamu la mtu anayejua alipokiweka kitu chake. Mkono ukapita kando ya pini kwa upana wa kidole, ukaendelea, ukakutana na kitu kidogo, kigumu, mviringo. Akakiokota. Akakipangusa kwa heshima, akaanza kukisukuma katika tundu la pini.

Kilikuwa kinyesi cha mbuzi, kikavu.

Mtu mmoja alianza kucheka huko nyuma, na Barka, Mungu amlipe, akamgeukia akamwambia, "Fyata ulimi!"

Sajenti Kiptoo akachuchumaa mbele ya Abdulkadir, uso kwa uso.

"Bwana Abdulkadir. Hivi ni vidole vingapi?"

Alinyoosha vitatu. Nyuma ya ukuta Kulthum akakohoa. Akakohoa tena. Akakohoa mara ya tatu.

"Vitatu, afande!"

Kiptoo akabadilisha, akaweka vitano. Kulthum akakohoa mara tano, na mara ya nne na ya tano zilikuwa za kweli, maana koo lilikwisha kumkauka.

"Vitano, afande!"

"Mama," alisema Kiptoo bila kugeuka, "hicho kifua kipeleke hospitali." Kisha akaficha mkono wote nyuma ya mgongo. "Na sasa ni vingapi?"

Kulthum hakukohoa. Hakujua akohoe nini. Aliona mabega ya mumewe, yaliyokuwa juu tangu asubuhi, yanashuka polepole, na akamwona Razan akishuka katika basi na sanduku lake.

"Sijui, afande," alisema Abdulkadir. Sauti yake haikuwa ya gwaride tena. "Kwa karibu sioni. Mwaka wa tano huu. Mbali naona. Wallahi mbali naona."

"Mbali wapi?"

Abdulkadir akainua kichwa. "Juu ya mnara wa simu pale ng'ambo wako kunguru wawili. Mmoja ana ufito mdomoni. Mwenziwe anamnyang'anya."

Watu wakageuka. Mnara waliuona. Kunguru hawakuwaona. Mourine akaweka kiganja juu ya macho, akatazama, akatazama, kisha vijidudu viwili vyeusi vikaruka kutoka mnarani na kitu chembamba kikadondoka katikati yao.

"Haki ya Mungu," alisema Mourine.

Kisha Kiptoo akafanya jambo ambalo hakuna askari aliyewahi kumwona akilifanya. Akafungua kifungo cha mfuko wa kifuani, akatazama kulia, akatazama kushoto kana kwamba uwanja mzima haumwangalii, akatoa kijaluba. Ndani yake mlikuwa na miwani ya kusomea, mguu mmoja umefungwa kwa plasta.

"Naivaa kiasi cha miaka mitatu," alimnong'oneza Abdulkadir, na kwa kuwa watu walikuwa kimya sana wote walisikia. "Hata Koplo hajui."

"Najua, afande," alisema Mourine. "Fomu zako huwa unazisoma ukiwa umesimama chumba kingine."

Kiptoo akajifanya kiziwi, akamvisha Abdulkadir miwani kwa mikono yake. Abdulkadir akapepesa macho. Akatazama kilichoko vidoleni mwake. Akakitazama tena, akakitupa, akafuta vidole kwenye suruali mara nyingi. Kisha akatazama chini, na pini ilikuwa pale, akaiokota kabla paka hajaifikia.

Akaifungua bunduki na kuifunga mbele ya watu wote, chuma juu ya chuma, hakikuanguka kitu. Alipopiga kitako kikaingia mahali pake, wanawake nyuma ya ukuta walipiga kigelegele, na Kiptoo akawakataza kwa sababu ni ukaguzi, si arusi.

"Nisikilize," alisema Sajenti. "Jina lako halitoki leo. Lakini Jumamosi utapiga tena. Risasi kumi. Zisizopungua tano ziingie kwenye karatasi yako, si ya jirani. Uje na miwani yako, maana hii naitaka. Zikipungua tano, naondoa jina, na usinililie. Umeelewa?"

"Nimeelewa, afande."

Kiptoo akainyoosha fomu mbele yake, akaisogeza, akaisogeza tena, mkono ukaisha. Miwani bado ilikuwa usoni mwa Abdulkadir.

"Koplo," alisema, "andika wewe."

*

Miwani walinunua mjini Ijumaa, kwa mchuuzi aliyezipanga juu ya sinia kando ya miswaki na betri. Abdulkadir alijaribu saba. Ya kwanza aliyoona nayo vizuri ilikuwa na maua pembeni, ya kike. Akataka ya pili. Jumamosi asubuhi akavuka ng'ambo kwenye shabaha. Kulthum hakula. Alichambua mchele wa siku tatu, akauchambua tena, na kila mtu aliyepita nje alimuuliza habari za shabaha kabla ya salamu.

Abdulkadir aliporudi aliweka karatasi mezani, akaitandaza kwa viganja. Ilikuwa na jina lake juu, na ndani yake matundu saba. Kulthum aliyahesabu kwa kidole, kisha akatia kidole katika kila moja ahakikishe ni tundu kweli.

"Na tatu?"

"Upepo."

Hapo ndipo Kulthum alipocheka mpaka akaketi chini, na chozi likamtoka, akalifuta kwa ncha ya buibui. Posho ilikuwa salama, Razan angebaki chuoni. Akainuka kwenda kuchukua mkeka, vitambaa na bakuli la sabuni, maana bunduki ilikuwa imepiga, na bunduki iliyopiga hailali chafu.

"Kaa," alisema mumewe.

Akavaa miwani. Akatandika mkeka mwenyewe, akachomoa magazini, akatia kidole, akachomoa pini akaziweka katika kibia ili zisiruke. Akatia kitambaa kwenye mdeki. Kulthum aliketi kando mikono mitupu mapajani, hajui aiweke wapi; kila kitambaa kilipotoka alitaka kukinyakua. Cheusi. Chai kavu. Chai ya maziwa. Abdulkadir alikitazama cha kumi na moja kwa makini, akakigeuza kwenye mwanga, akatikisa kichwa, akatia kingine.

"Hicho kilikuwa cheupe," alisema Kulthum.

"Kilikuwa na wingu."

"Miaka mitano wewe huoni jabali, leo waona wingu!"

Alipomaliza alifuta mikono, akapaka mafuta kidogo ya kichupa kipya alichopewa na Mourine, akaisimamisha bunduki ukutani. Kisha akageuka kumwomba mkewe chai, akaiona mikono ya Kulthum pale mapajani. Chini ya kila kucha palikuwa na mstari mweusi, mwembamba, ulioingia ndani ya nyama, na ncha za vidole gumba zilikuwa zimepasuka vijifereji vidogo, na katika kila kijifereji mlikuwa na baruti isiyotoka kwa hina wala kwa ndimu.

"Hii ni nini?" aliuliza.

"Ni mikono."

"Tangu lini?"

Kulthum akataka kuificha ndani ya kanga, lakini mumewe aliwahi mmoja. Akauvuta kwenye mwanga, akauleta karibu na miwani, karibu hasa. Akachovya kitambaa cheupe katika maji ya moto, akatwaa mswaki ule ule, akaanza na kidole cha mwisho, kwenda na kurudi, ulimi ukiwa nje pembeni ya mdomo kama mwanafunzi.

"Polepole," alisema Kulthum. "Mimi si kasiba."

"Nyamaza," alisema Abdulkadir, "bado chai ya maziwa."